Historia ya Mama Fizi, Ambaye Picha Yake Imebandikwa Kwenye Chupa

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma nisome haya, na mniwie radhi sauti yangu ikipanda, maana pamoja na msiba nina hasira.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya jirani na nyumbani, kisha ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu udaktari wa meno. Aliolewa tarehe 14 Desemba 1985 na mwalimu wa hesabu, huyu shemeji aliyekaa mbele yenu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hawakuruhusiwa kulala kabla hajawachungulia vinywani.

Chuoni alikofundisha, wanafunzi walimwita Mama Fizi, na kwa miaka mingi maabarani alichunguza dawa iliyokamuliwa kwenye majani ya mpera, akaona panya waliopewa hawakuvimba sana fizi, na mfupa wa taya zao haukulika upesi kama wa wenzao, lakini kila aliyemuuliza alimjibu kwamba panya si mtu, subirini, na mswaki msiuache.

Tarehe 30 Juni 2018, siku alipoagwa kazini, alipigwa picha akicheka, tawi la mpera mkononi, na picha hiyo, jamani, mfanyabiashara mmoja akaibandika kwenye chupa za unga wake wa mpera wa kusugulia meno, akaandika kwamba Mama Fizi anathibitisha meno yaliyolegea yatakazika bila daktari! Dada alimfuata hadi dukani, akaambiwa asitie mchanga kitumbua cha mwenzake. Jirani yetu fundi viatu, aliyemwamini dada kuliko hata sisi ndugu zake, akausugua unga huo mwaka mzima huku taya likilika, meno ya mbele yakamtoka yote, na dada akalia, akasema ni jina lake lililomng'oa meno yule mzee.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2023, akatutoka tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, na siku moja kabla aliniuliza kama chupa zimeondolewa, nikashindwa kumdanganya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani, wenzake wa maabara, na fundi viatu, aliyekuwa na haki ya kutususia, lakini leo ndiye aliyefika wa kwanza kupanga viti. Mwenye unga hatumshukuru, kwani kwa macho yake makavu ameegesha gari hapo getini anawauzia waliokuja kumzika dada, na mkiona mabinti wa marehemu hawapo kwenye viti vyao, wako huko wanabandua picha ya mama yao, chupa moja moja, atakayetaka kuwasaidia asisubiri nimalize kusoma.

Pumzika kwa amani, dada, ugomvi huu tuachie sisi.