Evarista Tluway wa Daa, Aliyejitolea Mara Mbili

Baba Paroko, wazee wa Daa na wa Kansay, wageni wetu mliosafiri kutoka Loliondo, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Piusi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Evarista Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Daa, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Tluway na mama yetu Martina, akaanza shule Karatu mwaka 1957 na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Mwaka 1966 alisomea uuguzi msaidizi Arusha, na kuanzia Januari 1968 alifanya kazi katika zahanati za tarafa yetu, ambako wengi mliopo hapa mlizaliwa au mlizalia mikononi mwake. Tarehe 9 Septemba 1972 alifunga ndoa na Clemensi wa Kansay, na tarehe 2 Februari 1974 walijaliwa binti yao, Bernadina.

Novemba 1978, vita ilipoanza Kagera, waliombwa wahudumu wa afya wa kujitolea kwenda kuwasaidia watu waliokimbia makwao, na marehemu alikubali. Clemensi alikuwa Mang'ola shambani na lori lilikuwa linaondoka kesho yake, kwa hiyo marehemu alimwacha mtoto kwa wifi yake Lukresia bila kumweleza mengi, akamwomba balozi wa nyumba kumi amwambie mumewe kwamba amejitolea na kwamba vita ikiisha atarudi. Balozi alimfikishia Clemensi ujumbe huo mbele ya ndugu zake, na kwa kuwa ulikuwa jambo la serikali aliusema kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye na wengi wetu tuliipata ukubwani, akasema tu, "Evarista amejitoa," bila kutaja vita wala kurudi. Neno hilo Kansay walilijua kwa watu waliojitoa kwenye shamba la ujamaa, wakabeba jembe lao na wasirudi. Clemensi alilielewa hivyo hivyo, na salamu ambazo marehemu alitutumia baadaye sisi wa Daa alizichukua kuwa ni za mwanamke aliyerudi upande wa kwao.

Kambini marehemu alikabidhiwa hema la watoto waliopotezana na wazazi wao, na kila asubuhi, kabla ya uji, alimfanya kila mtoto ataje jina la baba yake, la mama yake na la kijiji chake, ili wasiyasahau. Wengi walichukuliwa na wazazi wao wakiwa hai. Wengine aliwaosha na kuwazika.

Alirudi Agosti 1979, akakuta Clemensi ana mke mwingine, na Bernadina, aliyekuwa na miaka mitano, anamwita Lukresia mama. Mtoto aliambiwa amsalimie mgeni, naye akasema, "Shikamoo shangazi." Balozi alikuja mbele ya wazee akaeleza kosa lake la Kiswahili, na Clemensi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa, lakini mtoto ameshapata mama." Wazee waliamua Bernadina abaki kwa Lukresia mpaka amalize darasa la saba, mwaka 1987, ndipo achague mwenyewe nyumba ya kukaa. Marehemu alikubali uamuzi huo, akawa anakwenda kumtembelea Jumapili baada ya misa, akiitwa shangazi na kuitika.

Juni mwaka huu, 1985, ugonjwa wa kuhara na kutapika ulipotokea katika vilima vya karibu na Samunge, walitafutwa tena wahudumu wa kujitolea. Mama alimkataza, akamwambia, "Umeshapoteza mmoja kwa kwenda." Marehemu alifunga mzigo wake, akaondoka na gari la kwanza. Huko alifanya kazi na Nalotuesha, mwenzake wa Samunge, ambaye tunaye hapa, aliyemtafsiria Kimaasai boma kwa boma wakifundisha kuchemsha maji na kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Tarehe 20 Agosti naye aliugua, akaletwa Karatu akiwa amedhoofika sana. Bernadina alifika kitandani, akasema, "Shangazi, nimekuja," naye akamjibu, "Karibu, mama." Alifariki tarehe 24 Agosti 1985, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wahudumu wenzake, majirani wa Daa waliochota maji na kupasua kuni tangu juzi, wenzetu wa Samunge walioleta ng'ombe wa msiba, na Clemensi aliyekuja kuchimba kaburi kwa mikono yake. Tunamshukuru Lukresia, aliyemlea mtoto wetu vizuri bila kujua kwamba alikuwa ameachiwa kwa muda tu.

Marehemu ameacha mama, mdogo mmoja na mtoto mmoja. Jana tulimuuliza Bernadina angependa kutia udongo katika zamu ipi, tukamweleza kwamba ya kwanza ni ya watoto wa marehemu na ya pili ni ya ndugu, na kwamba hatutamlazimisha. Akasema, "Ya kwanza." Katika zamu hiyo atakuwa peke yake, kwa hiyo naomba mumpishe njia.

Dada Evarista, tumekurudisha nyumbani, pumzika.