Mkate wa Fundi Gundi

Benchi la kijiwe cha Fundi Gundi zamani lilikuwa mlango wa nyumba. Nyumba ilipobomolewa, mlango ukalazwa juu ya matofali kati ya meza ya fundi viatu na kibanda cha kinyozi, na tundu la kitasa bado lipo. Anayewahi kufika husimamisha kikombe chake humo na siku yake huwa imenyooka. Hapo utamkuta Waya, fundi redio, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kutengeneza hata moja. Utamkuta Kipara, kinyozi, jina analistahili. Utamkuta Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote, na jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Halafu yupo Fundi Gundi mwenyewe, mshona viatu, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake na pia kwa sababu akishakaa habanduki.

Sasa siku hiyo Gundi alikuja na beseni la unga, sufuria yenye mfuniko, kifungu cha majani ya bustanini na chupa ya bia, na hakukaa. Hapo ndipo wenzake walipojua kwamba kuna jambo.

Jambo lenyewe lilianza kwa mdomo. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza. Usiku wa kuamkia safari mama huyo alioka mkate wake wa bia, ule anaoupika tangu wakiwa vijana, na Gundi, huku kinywa kimejaa, akasema kwamba haoni cha kujisifia hapo. Unga, bia, majani. Hata yeye angeweza. Mkewe hakubishana. Alifunga kipande kilichobaki kwenye kitambaa akasema, "Vizuri. Nikirudi utanipokea nao."

Gundi alicheka. Kisha mke akaondoka na nyumba ikapoa. Kila asubuhi akawa anamwagilia majani ya mkewe kwenye makopo yake kama alivyoagizwa, na mara mbili tatu alijikuta anayasalimia. Alimkumbuka mno, kuliko mtu wa umri wake anavyopenda kukiri. Leo simu imepigwa, mama yuko njiani, mchana ataingia. Kutaniwa hakukumtisha, amezoea. Kilichomkaba ni kwamba maneno matamu hayajawahi kumtoka kinywani tangu aoe, na safari hii alitaka awe na kitu mkononi kitakachosema badala yake.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akaliteremsha birika jikoni.

— Jiko hilo hapo. Ila kahawa iliyopo ndiyo hii. Ikiisha, imeisha.

— Hamira umetia? akauliza Kipara.

— Baking poda. Yeye hatii hamira. Huu mkate ni wa chapchap, unachanganya unaoka.

— Chapchap? Haraka haraka haina baraka, ndugu yangu. Unga lazima ulale.

— Ukilala, mke wangu akifika atakula nini?

— Atakula subira. Si yavuta heri?

Waya alikuwa ameshaikamata chupa. Alieleza kwamba watu wengi hudhani bia ni kinywaji, kumbe ni umeme. Yale mapovu ndiyo moto wenyewe unavyotembea, na unga ni waya tu, hauwezi kuinuka bila kupata chaji. Na fundi makini hafungi kifaa kabla ya kukipima. Akaifungua, akapima funda moja. Kipara akasema shahidi mmoja hatoshi, naye akapima. Shangazi, aliyekuwa anawakemea wote wawili, akaomba anuse tu. Chupa ikarudi nyepesi zaidi. Gundi mwenyewe alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi koo humkauka.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, akasema Shangazi akijifuta mdomo. Ndiyo methali pekee iliyokaa sawasawa siku hiyo, na ilichelewa.

Chupa ilibaki nusu. Gundi aliitazama kama anayetazama kiatu cha mteja alichokikata vibaya. Duka la jirani lilikuwa limefungwa. Waya hakubabaika, alivuta birika akaijazia chupa ile kahawa mpaka shingoni.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasema Kipara kwa masikitiko.

— Hapa mgema ni nani?

— Sijui. Lakini ilikuwa lazima isemwe.

Yaliyokuwa yamemwagika hayazoleki, kwa hiyo wakaendelea. Majani alikabidhiwa Kipara, mwenye mkasi. Shangazi alimlazimisha kuuosha kwa maji ya moto mara mbili, naye akafanya hivyo huku akinung'unika kwamba vichwa vya watu wazima havijawahi kumlalamikia. Kisha akajitandikia kitambaa safi magotini, akachukua kitana, akainyoa ile rosmari, na kotmiri, na majani ya kitunguu, kwa heshima zote za kazi yake. Alikata laini, kwa zamu, akipuliza. Alisema majani ni kama nywele, ukiyakata kinyume cha yalivyoota yanatoa harufu ya hasira, na mlaji atagombana na watu wiki nzima. Hakuna aliyembishia, kwa sababu kweli yalinukia vizuri.

Gundi akamimina bia na kahawa kwenye unga, chumvi na sukari vimeshatangulia, akatia majani, akaanza kukoroga. Hapo mazoea yakamsaliti. Mkono ulioshindilia soli miaka yote hauwezi kuona kitu laini ukakiacha. Ulijikunja ngumi wenyewe ukaanza kugandamiza.

— Enhe, akasema Kipara. Samaki mkunje angali mbichi.

Shangazi alimpiga Gundi kofi la mkononi.

— Huyo si samaki, na wala si soli. Mkeo hukanda hivyo?

Gundi akasimama kabisa. Alifumba macho. Miaka yote alikuwa anakaa pale jikoni akingoja kula, na hakujua kwamba alikuwa anaangalia. Lakini sasa alimwona mkewe waziwazi, mwiko mkononi, anakoroga kidogo, anaacha unga ungali na madonge yake, anapangusa mikono kwenye kanga kana kwamba anasema yatosha. Akaitoa ngumi kwenye beseni.

— Yatosha, akasema.

Sufuria ikapakwa mafuta, uji ule mzito ukamiminwa, mfuniko ukafungwa, makaa machache chini na mengi juu. Sasa hapakuwa na la kufanya ila kusubiri, na benchi lile likisubiri huwa halina breki.

Kipara alisema mkate una aibu. Ukiukodolea macho hauinuki, kama mtu anayebadilisha nguo; lazima wote wageuke waangalie barabara. Wakageuka. Shangazi akasema yeye anachojua ni kwamba mkate unasikia, ukitajiwa msiba unakaa, kwa hiyo watu waongee habari za heri tu. Wakaongea habari za mjukuu mpya, wakamwita Gundi babu mpaka masikio yakamchoma kwa furaha. Ndipo Waya akauliza shemeji anakuja kutokea upande gani.

— Kwa nini?

— Mkate ni kama antena. Kama unaokwa kwa ajili ya mtu, lazima uelekee anakotoka huyo mtu. Sasa hivi huu umeelekea kwa kinyozi.

— Kwani mimi nina ubaya gani? akasema Kipara.

Sufuria ni duara, haina mbele wala nyuma, na wote walilijua hilo. Hata hivyo Gundi alishika vitambaa viwili, akaizungusha taratibu mpaka Waya alipoinua mkono kwamba sasa imeshika. Hakuona aibu. Angeambiwa aipigie magoti, angepiga.

Harufu ikaanza kutoka. Ilikuwa ya bia, ya majani, na ya kitu kingine kizito kilichokuwa kahawa. Wapita njia wakaanza kupunguza mwendo. Mmoja wao hakupunguza tu, alisimama kabisa, akashusha begi begani.

— Hodi hapa, akasema mkewe Gundi.

— Karibu shemeji, akadakia Kipara. Pole na safari. Mama na mtoto hawajambo?

Alisema hawajambo, mtoto ana sauti ya kuamsha mtaa na paji la uso la babu yake. Alipokuwa akijibu macho yake yalikuwa kwa mumewe. Gundi alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi. Lililotoka lilikuwa moja.

— Umefika.

Shangazi akafunua sufuria. Mkate ulikuwa mweusi kuliko unavyotakiwa, na chini uliungua kidogo. Ulikuwa umeinuka upande mmoja tu, ule wa barabarani alikotokea mama, na Waya akawatazama wenzake mmoja mmoja. Gundi alikata kipande, akampa mkewe kwa mikono miwili.

Mama alitafuna. Benchi zima likamkodolea macho. Alimeza, akakitazama kipande kilichobaki, akakimaliza. Kisha akanyoosha mkono akajikatia kingine, kikubwa zaidi.

— Huu si kama wangu, akasema mama. Huu ni mwingine, mtamu. Umefanyaje?

Hapo kila mtu alikuwa na jibu. Waya alisema ni antena, na ushahidi uko mezani. Kipara alisema ni mkasi, mkate wowote ni majani. Shangazi alisema ni kahawa yake, na habari za heri. Walibishana mpaka majani yakawa umeme na kahawa ikawa aibu, wakamgeukia Gundi awaamue.

Gundi aliangalia beseni tupu, na chupa tupu, na mkasi wa kinyozi. Akauliza kama kuna kahawa, ili apate la kufanya kwanza. Shangazi akaliinamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Mimi sijui, mke wangu, akasema mwishowe. Hawa wametia yao. Mimi ninachojua nilikuwa nakungoja tu.

Mama aliacha kutafuna. Alimtazama, uso wote ukimchangamka, kisha akajisogeza akakaa kwenye benchi, karibu yake.

— Na huko kuningoja, akauliza, ulitia vijiko vingapi?