Marehemu Tak Mun-bae, Kocha wa Misimu Kumi ya Kufungwa

Ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wa sokoni, na ninyi wachezaji wa zamani wa timu ya Korongo mliojipanga kule ukutani ilhali viti vipo, mimi ni Tak Sang-bae, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya kaka yangu kabla hatujamsindikiza. Naomba mnivumilie, kwa maana kwa miaka mingi nyumbani kwetu jina lake limetajwa kwa sauti ya chini, na leo inanibidi nilitaje ili lisikike hadi mlangoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Mei 1961 huko Seocheon, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Tak Pan-seok, fundi baiskeli, na mama Eom Bun-i, aliyeuza uduvi wa chumvi, na mwaka 1968 familia ilihamia hapa Gunsan, ambako alianza shule ya msingi karibu na bandari. Akiwa darasa la nne mwalimu wa michezo alimchagua kuwa mdakaji wa timu ya besiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji, kwa sababu kati ya watoto wote ni yeye peke yake ambaye hakufumba macho mpira ulipomjia usoni. Alimaliza sekondari Februari 1980, akaenda jeshini kama vijana wote, na tarehe 15 Januari 1984 akasajiliwa na Korongo, timu ya mji huu, akaichezea hadi Oktoba 1996, mdakaji wa kawaida, mwenye magoti mabovu na vidole vilivyopinda, ambaye hakuwahi kutwaa ubingwa wala kugombana na mtu.

Jumapili ya tarehe 6 Desemba 1987, msimu ukiwa umekwisha, alifunga ndoa na Bi Pyo Mal-sun, muuguzi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Se-mi, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1989, na Dong-uk, aliyezaliwa tarehe 8 Novemba 1993, na baba yao alipostaafu kucheza alibaki klabuni akiwafundisha wadakaji vijana, na miaka hiyo sita, shemeji anasema, ndiyo waliyokula chakula cha jioni kwa utulivu.

Novemba 2002 klabu ilimpa ukocha mkuu. Nasema ukweli hapa mbele yake, hakupewa kwa sababu ya sifa, alipewa kwa sababu kampuni inayoimiliki timu ilikuwa imeuza wachezaji wazuri wote, na makocha wenye majina walikuwa wamekataa, naye hakujua kusema hapana kwa timu iliyomlea. Basi kuanzia msimu wa 2003 hadi msimu wa 2012 Korongo walifungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda, kila mwaka, pasipo kukosa, na idadi yake sitaitaja, waliokuwepo wanaijua na wasiokuwepo wasihangaike nayo. Mwanzoni watu walimpa pole, baadaye wakamtania, kisha wakamchoka. Katika mkahawa wangu wa tambi wateja waliokuwa hawajui kwamba mimi ni ndugu yake walisema kocha huyu hata akicheza na kivuli chake atafungwa, na waliokuwa wanajua walisema vilevile, ila waliongeza, "Samahani, mzee Sang-bae." Shemeji akaanza kwenda kununua mboga ng'ambo ya mto, Se-mi shuleni akawaambia wenzake kwamba baba yake ni dereva wa basi, na Dong-uk, aliyekuwa na mkono mzuri wa kurusha, aliacha besiboli akiwa na miaka kumi na mitatu na hakutoa sababu, wala hakuulizwa.

Yeye mwenyewe aibu ilimkaa mwilini. Alikuwa mtu mrefu, akaanza kutembea kama anayetafuta kitu kilichodondoka, na harusini kwa jamaa alikaa upande wa jikoni, na mara mbili aliandika barua ya kujiuzulu, klabu ikaikataa, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angekubali mshahara ule.

Mnamo Julai 2009, baada ya Korongo kufungwa mfululizo tangu mwezi uliotangulia, mashabiki walilizuia basi la timu nje ya uwanja, mvua ikinyesha, wakalipigapiga ubavuni na kumtaka kocha ashuke ajieleze. Wachezaji walimsihi asishuke, akashuka. Hakujieleza, alipiga magoti kwenye lami, akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa maji, na kelele zote zikakatika, kwa maana walitaka wamtukane na sasa hawakujua wamfanye nini. Akatoka Mama Ok Jeom-rye, ambaye tangu zamani anauza ngisi wa kukausha pale getini, na ambaye leo yupo nasi, akamfunika kwa mwavuli wake na kumwambia, "Inuka, Kocha. Usituaibishe zaidi. Ukipiga magoti wewe, sisi tutasimama vipi?" Akainuka, basi likapita. Usiku ule picha yake ilienea nchi nzima, na shemeji aliizima televisheni kabla watoto hawajaingia, lakini walikuwa wameshaiona.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo marehemu alinikataza kulisema, na ambalo shemeji na watoto wameamua lisomwe. Mnamo tarehe 5 Oktoba 2012, siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya msimu wa kumi, meneja mkuu wa klabu wakati ule alikuja mkahawani kwangu kula na kaka, mimi nikawahudumia mwenyewe. Kama mnavyojua, timu inayomaliza ya mwisho ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya, na mwaka ule palikuwa na kijana mrushaji ambaye nchi nzima ilimngojea, na Korongo wakifungwa kesho yake wangekuwa wa mwisho, wakishinda wangekuwa wa pili kutoka mwisho na kumkosa. Meneja alizunguka sana, akasifu tambi, akauliza habari za magoti, kisha akasema, "Kesho si siku ya kujitahidi mno, Kocha. Unanielewa."

Kaka akasema hakuelewa.

"Umeshafungwa miaka yote hii. Moja zaidi itakupunguzia nini?"

Kaka aliweka vijiti vyake chini, na akajibu polepole, kama anayezungumza na mkubwa wake, kwa adabu: "Kila nilipofungwa nilitaka kushinda. Hiyo ndiyo nguo pekee niliyobaki nayo mwilini. Usinivue."

Kesho yake Korongo walishinda, raundi ya tisa na ya mwisho, nahodha Cheon Il-gwon akigonga mpira dhaifu uliobingirika katikati ya walinzi wawili, na wachezaji waliokuwa hawajui lolote la ombi la meneja walirukiana kwa furaha, lakini majukwaa yalinyamaza, kwa kuwa hesabu ya yule kijana kila mtu aliijua. Shabiki mmoja akapaza sauti, na maneno yake yakawa mzaha wa mji huu hadi leo: "Mzee huyu ameshindwa hata kushindwa!"

Tarehe 9 Oktoba alifukuzwa kwa simu. Kijana yule alichaguliwa na timu nyingine, akaipa ubingwa, na kila aliposifiwa jina la kaka lilitajwa karibu yake kama doa. Nilimwomba aseme ukweli. Akakataa, akaniambia kwamba watu wakijua tuliwahi kuombwa tufungwe mechi moja, watasema na zile nyingine zote tulizifanya makusudi, na vijana wake, ambao walifungwa kwa jasho lao, watanyang'anywa hata hilo. Basi akalinyamazia jambo hilo, akaja kufanya kazi jikoni kwangu, akiosha masufuria na kukata vitunguu, na kwa miaka kumi hakuwahi kupeleka bakuli mezani kwa mteja. Sikuona siku ambayo aibu ilimwondokea, na sitawadanganya kwamba iliondoka.

Septemba 2022 alianza kutapika chakula, akapimwa, akakutwa na saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Dong-uk alirudi kutoka Incheon akamuuguza, na katika wiki za mwisho alimwuliza baba yake namna ya kuweka vidole juu ya mpira, na wakawa wakionyeshana kitandani, mkono juu ya mkono. Nilipomwuliza kaka tuseme nini siku kama ya leo, alisema, "Nikishaondoka fanyeni mtakavyo, lakini msiniite shujaa. Semeni nilifungwa." Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Machi 2023, alfajiri, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Kwa hiyo tunasema alivyotaka, alifungwa, tena mara nyingi, mbele ya mji mzima. Ila ninyi mliosimama ukutani, Il-gwon na wenzako, mjue leo kwamba hakuna mechi yenu hata moja iliyouzwa, na aliyewalindia hilo ni huyu, na alilipa kwa uso wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza hadi mwisho, majirani waliokesha nasi na kupika supu bila kuombwa, wachezaji na makocha wenzake waliotoka mbali, na Mama Ok, ambaye hana deni lolote kwetu, sisi ndio tulio na deni kwake. Klabu haikuleta shada, nasi hatuna kinyongo. Nawaomba wachezaji wasogee mbele, wao ndio watakaombeba.

Kaka yangu, inua uso. Lala kwa amani, kesho hakuna mechi.