Mkanda wa Mashine ya Hippolyte

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na Josias, mdogo wa marehemu, na imeandikwa upya leo asubuhi kwa maneno ya mjane, Nabintu, kwa sababu ile ya kwanza, iliyoandaliwa na wazee wa ukoo, ilidai kwamba mwanawe Guerschom ndiye aliyemrudisha baba yake kwenye mashine iliyommaliza, na kwa ajili hiyo kijana amezuiwa kushika jeneza, jambo ambalo mama yake amelikataa katakata.

Marehemu Hippolyte Cirimwami alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Walungu, Kivu Kusini, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1981, kisha akajifunza useremala Bukavu kwa miaka miwili, ambako mwalimu wake alichoka naye, maana akipewa mbao nzuri aliziacha akaenda kuokota zenye kasoro. Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na Nabintu, wakajaliwa watoto wawili, Estelle na Guerschom, na mwaka 2008 familia ilikimbilia Kampala, wakapanga Kibuli.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa Nakawa, kukereza miguu ya vitanda, yaani kuichonga kwa patasi mashine ikiuzungusha mti, kazi ya heshima iliyolisha nyumba, hadi mwaka 2014 alipoona kwa muuza kuni nundu ya mvule, ule uvimbe unaoota ubavuni mwa shina, imejaa mashimo, akaipakata kwenye boda hadi nyumbani. Tangu siku hiyo vitanda vilisahaulika, akawa anakereza vyungu vya mti nyumbani kwa mashine yake mwenyewe, mdomo mdogo, ndani vitupu, na yale mashimo ya asili akiyaacha wazi, hata jirani Habibah alipokirudisha chake kwa sababu maharage yalikuwa yanamwagika, marehemu aliyalaumu maharage.

Kwa kuwa ndani ya chungu hakuonekani, unene wa ukuta aliupima kwa sikio, patasi ikifika kwenye shimo mlio unabadilika, kwa hiyo akiwa kazini redio ilizimwa, watoto walinyamaza, hata sufuria haikuruhusiwa kulia, na Nabintu, aliyeolewa akiwa msemaji sana, aliishi hivyo miaka kumi. Barakoa ya kuzuia vumbi hakuitaka, alidai inamfanya asikie pumzi zake badala ya mti, akawa anaivaa tu mkewe akiwa mlangoni.

Tarehe 2 Septemba 2024 daktari alisema vumbi limeharibu mapafu, aache kazi mara moja. Nabintu aliuvua mkanda wa mashine, ambao bila huo haizunguki, akauficha ndani ya ndoo ya unga, na marehemu akapata nafuu, akanenepa, akawa havumiliki kabisa, alimkosoa mkewe anavyokata vitunguu, aligonga vikombe vyote akivisikiliza, kisha akaanza kukaa mbele ya mashine tangu chai ya asubuhi hadi jioni, mkono juu yake, na hilo la mwisho ndilo lililomshinda Nabintu.

Basi wazee wasikie, kwani wamemhoji kijana siku tatu nzima: tarehe 20 Januari 2025, Guerschom akiwa kazini, ni Nabintu mwenyewe aliyeutoa mkanda, akaupangusa unga, akauweka mezani, akaenda sokoni Nakivubo, na aliporudi akakuta mashine inazunguka, akavua viatu mlangoni ili asipige kelele.

Marehemu alikereza vyungu vinne, akalazwa tarehe 3 Machi, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, siku tatu kabla ya kutimiza miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwabishia hadi mwisho, mafundi wenzake wa Nakawa, na majirani wa Kibuli, hasa Habibah, kwa uvumilivu wake. Nabintu anasema hakudanganywa na mtu, alijua anachokifanya, na anayetaka kulaumu amlaumu yeye, yuko hapa mkekani. Guerschom asimame sasa, apite mbele ya wazee, akashike jeneza la baba yake upande wa kichwa.

Na mumewe Nabintu anamwambia: Papa Estelle, pumzika, na mara hii pumzika kweli.