Bi Mejumaa na Panga Mia Moja na Kumi na Saba

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mejumaa Kombe atarudisha ufunguo wa karakana katika ofisi ya mwalimu mkuu na kustaafu, baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi tisa. Aliajiriwa Februari 1994 kama mfagiaji. Anaondoka akiwa mtunza karakana, na kwa hesabu ya Chama cha Maigizo amechonga panga mia moja na kumi na saba za wafalme, malkia, wachawi na wauaji wa mazimwi, ingawa mwenyewe hajawahi kutazama filamu yenye watu wa aina hiyo mpaka mwisho. Anasema zina kelele.

Wengi wetu tulimkuta tayari akiwa na sifa hiyo, tukadhani aliajiriwa kwa kazi hiyo. Ukweli ni kwamba mambo yalianza na mafagio.

Mwaka 2003 vibanda vya video vya mtaa wa Bondeni vilikuwa vikionyesha filamu za mazimwi kila Jumamosi. Kila Jumatatu Bi Mejumaa alifika kazini akakuta fagio moja au mawili hayana mpini. Kwa wiki tano aliwashuku mapaka, kisha wapita njia, kisha mlinzi wa lango. Wiki ya sita alizunguka nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko akawakuta wavulana wanane wakipigana vita vikubwa, na mipini yake ndiyo silaha. Jemadari wao alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Mji wa Kale, jina lake Gharib. Huyo ndiye Mwalimu Gharib wetu wa leo, anayefundisha Kiswahili na kusimamia Chama cha Maigizo. Ametuomba tusiandike habari hii. Tumemsikiliza kwa heshima, kisha tumeiandika.

Bi Mejumaa hakuwapeleka kwa mwalimu mkuu. Alimwuliza Gharib huo upanga wa kwenye filamu ukoje, naye akamchorea kwenye vumbi. Jioni ile aliingia karakana, akaokota kipande cha mbao kilichotupwa, akaanza kukipiga randa. Mwalimu Ngowa, aliyekuwa akifundisha useremala siku hizo, alimkuta pale.

"Mejumaa, hii ni karakana, si jikoni."

"Najua, mwalimu. Jikoni kwangu kunafagiwa."

Mwalimu Ngowa alitazama sakafu yake, akacheka, akamwonyesha namna ya kushika randa bila kujikata. Toka siku hiyo alimfundisha kila jioni, na mwaka 2007 ndiye aliyemwombea cheo cha mtunza karakana. Mafagio ya shule hayajapoteza mpini tangu hapo.

Upanga huo wa kwanza ulikuwa na kosa. Gharib aliutaka uwe mrefu kama ule wa filamu, na Bi Mejumaa akamfanyia vilevile. Upanga ulimzidi mwenyewe kwa shibiri moja. Alipofika kwao haukuweza kupita kwenye kona ya ngazi za nyumba ile ya zamani. Akausukuma, ukapita, na ncha yake ikaangusha kawa tatu za kufunikia chakula na sinia la nyanya yake. Kesho yake upanga ulirudishwa shuleni na nyanya mwenyewe, aliyeubeba begani kama jembe. Inasemekana alimwambia Bi Mejumaa, "Mwanangu, kazi yako nzuri, lakini umempimia mtu wa kwenye televisheni. Huyu wangu anakaa Mji wa Kale."

Bi Mejumaa alilichukua neno hilo kama funzo la ufundi. Kuanzia hapo hakumchongea mtu upanga kabla ya kumpa ufito. Unaleta mchoro wako, anakupima mkono kutoka kwapani hadi ncha ya kidole, kisha anakukatia ufito wa urefu huo na kukuambia ukae nao siku saba. Uende nao nyumbani, dukani, upande nao ngazi, uketi nao. Ukivunja kitu, anaupunguza. Ndiyo maana wakati wa maandalizi ya michezo ya kuigiza utatuona njiani tumeshika fito, na madereva wa tuktuk wanatuuliza tunauza vya kutundikia mapazia au vipi.

Baada ya ufito huja maswali. Kwa kuwa hatazami filamu, anataka kuelezwa. Huyu malkia anapanda farasi au anatembea? Upanga alirithi au alinunua? Usiku anauweka wapi? Ukijibu kwamba hujui, anakurudisha ukatazame tena. Mwenzetu mmoja aliwahi kurudishwa mara tatu kwa sababu hakujua kama mfalme wake alikuwa na mke. Tulipouliza mke anahusiana vipi na upanga, Bi Mejumaa alijibu kwamba mwanamume mwenye mke hawezi kuingia ndani na upanga mchafu, kwa hiyo lazima awe na ala ya kuutia. Mfalme yule alipata ala.

Vifaa vyake hupatikana karibu. Mvule ni masalio kutoka kwa mafundi wa milango. Ngozi ya kufungia mpini hutoka kwa mshona makubadhi, ambaye humwekea vipande virefu. Bapa la upanga hulipaka rangi ya fedha mara nne, kila mara akilipiga msasa, kisha hulisugua kwa unga wa penseli na kumalizia na nta ya mshumaa. Ukiutazama hatua mbili mbali, huwezi kuapa kwamba si chuma.

Kitu kimoja tu kilimkera. Mbao ni nyepesi, na waigizaji wetu walikuwa wakirusha panga jukwaani kama watu wanaofukuza nzi. Hivyo mwaka 2011 alianza kutoboa kitako cha mpini na kujaza chubwi, zile risasi ndogo zinazotiwa kwenye mishipi ya kuvulia. Upanga ukapata uzito wake, na mkono wa mwigizaji ukatulia. Alikuwa na fahari na ugunduzi huo kuliko jambo lingine lolote, na ndio uliotaka kutuangamiza Machi mwaka huu.

Hapa lazima tueleze jambo. Kwa miaka yote ambayo panga za Bi Mejumaa zimepanda jukwaani, shule yetu haikuwahi kuvuka tamasha la kanda kwenda la taifa. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake kazini. Hakusema mengi, lakini Januari, alipopokea michoro yetu, alitamka kwamba angependa kuona upanga wake mmoja, hata mmoja, ukifika taifa kabla hajarudisha ufunguo. Sote tulilisikia. Tuliandika mchezo wetu wenyewe, "Zimwi la Chumvi", wenye panga sita. Mkubwa kuliko zote ulikuwa wa Ruweida wa kidato cha tatu, aliyeigiza mlinzi wa ghala la chumvi. Ulikuwa upanga mpana wenye meno mgongoni, uliotokana na filamu aliyoitazama mara saba. Ulichukua wiki kumi na moja. Hakuna kitu kizuri zaidi kilichowahi kutoka katika karakana ile.

Siku ya tamasha la kanda tulifika ukumbini mapema. Mlangoni, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na askari mwenye kifaa cha kutambua chuma. Kifaa kilipita juu ya boksi letu kikalia. Kikalia kwa panga zote sita. Msimamizi wa jukwaa, Bwana Morgan, aliitwa. Alikuwa mtu mwenye adabu, na sheria ilikuwa mkononi mwake imechapishwa: silaha ya bapa la chuma haiingii, na mchezo unaokosa vifaa vyake kwa wakati unafutwa. Zamu yetu ilikuwa imebaki dakika ishirini na tano.

"Mama, hizi ni chuma."

"Ni mvule, bwana. Mpini una risasi kidogo, ili uwe na uzito."

"Mama yangu, kifaa hiki hakisemi uongo."

"Hakijasema uongo. Kimesema kuna kitu kwenye mpini. Kuhusu bapa hakijasema neno."

Bwana Morgan aliunyanyua upanga wa Ruweida, akaupima kwa mkono, akaugonga kwa kucha. Rangi na nta vilikuwa vimefanya kazi yao vizuri mno. Alisema kwamba huo hasa hauamini, na kwamba hawezi kuhatarisha watoto wa watu kwa maneno matupu. Mwalimu Gharib alianza kueleza, sauti ikampanda, na askari akasogea karibu.

Bi Mejumaa akauliza kama ukumbini pale kuna fundi. Palikuwa na mafundi wa jukwaa. Akaomba msumeno.

Ruweida alielewa kabla yetu. Alisema, "Bi, si huu. Kata mwingine wowote, kata ule wa Tsofa." Tsofa, aliyeigiza zimwi, akasema haraka kwamba ndiyo, wake ukatwe.

"Alioushuku ni huu, mwanangu," alisema Bi Mejumaa. "Nikikata mwingine, atasema nimemchagulia."

Aliuweka upanga juu ya kidole kimoja mpaka ukatulia bila kuegemea upande. Akatia alama kwa ukucha, si katikati, bali pale ambapo kipande kitakachobaki bado kingekaa sawa mkononi. Kisha akauegemeza kwenye ngazi ya mlango na kukata kwa mshazari. Wiki kumi na moja ziliisha kwa muda wa pumzi chache. Vumbi lililoanguka lilikuwa la kahawia, na harufu ya mvule ikasikika mpaka kwa askari. Bwana Morgan aliinama, akachukua vumbi kidogo kwa vidole, akalinusa. Alifungua mlango, milango yote miwili, akasimama kando.

Zilibaki dakika kumi na tatu. Bi Mejumaa aliomba penseli kwa karani, akausugua mkato mpaka rangi ya mbao ikafa, akaubomoabomoa ukingo kwa kisu ili uonekane umevunjika vitani. Akampa Ruweida kipande chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na kumwambia neno moja tu: "Sogea."

Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi miwili ya Ruweida kumpiga zimwi kutoka mbali. Sasa upanga haukufika. Ilimbidi amwendee Tsofa mpaka kifua kwa kifua, na Tsofa, ambaye hakuambiwa hatua mpya, alirudi nyuma kwa hofu ya kweli. Zimwi likaonekana linaogopa. Mlinzi wa chumvi akaonekana hana kitu kilichobaki isipokuwa kwenda mbele. Ukumbi wenye watu mia nne ulinyamaza mpaka tukasikia viatu vyake juu ya mbao. Alipochoma, wote wakasimama. Bi Mejumaa alitazama akiwa pembeni ya pazia, na msumeno wa watu bado mkononi.

Tulikuwa wa kwanza. Aprili tulienda taifa, na Ruweida alikataa kuchongewa upanga mpya. Kule tulishika nafasi ya nne, na Mwalimu Gharib ameliandika hilo kwenye ubao wa matangazo kwa herufi ambazo mtu aliyeko barabarani anaweza kuzisoma. Muhula uliofuata wanafunzi kumi na mmoja walimwendea Bi Mejumaa kuagiza panga zilizovunjika. Aliwafukuza wote. Aliwaambia atawachongea panga nzima, na kuvunjika watajitafutia wenyewe.

Septemba, siku ya Jumatano, Bwana Morgan alikuja shuleni. Tulipomwona getini, tulidhani tumefutiwa ushindi. Alienda moja kwa moja karakana, akavua kofia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake Emmah ana miaka kumi. Babake alikuwa amemsimulia habari ya mlinzi wa chumvi, na tangu siku hiyo mtoto hachori kitu kingine. Alisema amekuja kwa heshima zote kuomba upanga mmoja mdogo, ikiwa Bi Mejumaa hana kinyongo.

Bi Mejumaa aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akabana kipande cha mvule kwenye jiriwa, akakipigia mstari, akachukua msumeno na kumkabidhi mgeni.

"Ule nilikata mimi," alisema. "Huu utakata wewe."

Bwana Morgan alikata vibaya sana. Mstari ulikwenda Buxton na msumeno ukaenda Kilindini, kila mmoja upande wake wa mji. Bi Mejumaa alibana kipande kingine. Cha tatu kilinyooka, na mtu mzima yule akageuka kututazama dirishani kwa furaha ambayo hakujua namna ya kuificha.

Upanga wa Emmah haumo katika zile mia moja na kumi na saba. Utakuwa wa kwanza katika karakana mpya, ambayo Bi Mejumaa anaifungua Jumatatu tarehe 3 Novemba huko Bondeni, chini ya nyumba ya dadake. Hatapumzika hata wiki nzima. Ameshapokea maagizo tisa kutoka kwa watu wazima wanaovaa mavazi ya filamu na kukusanyika kupigwa picha, na mmoja wao anataka upanga unaowaka taa. Bi Mejumaa amemwuliza usiku atalalaje.

Bi Mejumaa, asante kwa mafagio uliyoyasamehe, kwa fito, kwa maswali, na kwa kukata kitu ulichokipenda ili sisi tuingie. Chama cha Maigizo, walimu na wafanyakazi wenzako wanakuombea afya njema na miaka mingi ya furaha. Tunakutakia mbao kavu, misumeno mikali, na wateja wanaokubali kukata wenyewe.

Khubaib Mbeyu, Kidato cha Tatu
Kwa niaba ya Chama cha Maigizo