Udongo Kwenye Kitovu

Ambrose alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili kwenye matatu ya kutoka Kibera, macho kwenye simu, masikio mbele. Bibi mmoja mzee alimwinamia mtoto mchanga aliyepakatwa na mama kijana kando yake, akasema kitovu kile kinachelewa kukauka. "Chukua udongo laini wa ukutani upake kidogo."

"Udongo?" Mwenye mtoto alimgeukia kwa hasira. "Shosh, udongo ndio uliua mtoto wa dada yangu! Huko ndani kuna kidudu cha pepopunda. Kinalala kwa mchanga miaka mingi, hata hewa hakitaki. Walimpaka, na wiki haikuisha kabla hajashindwa kunyonya. Taya zikafungana, mgongo ukakakamaa kama ubao. Ukimgusa tu, anashtuka mwili mzima. Na leo unaniambia nipake udongo!"

Gari zima liliwageukia, hata kondakta.

"Usinifokee," bibi akasema. "Nimelea saba hivyo hivyo na wote wako hai."

"Ulizaa wangapi?"

Bibi aliinua mkoba wake, akaurudisha magotini. "Tisa. Wale wawili walipigwa na jicho baya. Waliacha tu kunyonya."

Mwenye mtoto akamfunika mwanawe shuka vizuri. Ambrose aliweka simu mfukoni.

Gari likasimama Kawangware. Bibi akasimama mlangoni, akawageukia abiria wote. "Lilikuwa jicho!" akasema kwa nguvu, ingawa hakuna aliyemuuliza, akashuka.