Maisha ya Dada Yetu Polepole na Umio Uliomtesa

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mliofika kutusitiri, familia imeniomba mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Polepole, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya babu yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, na jina la Polepole alilipata bwenini, kwa kuwa wenzake walikuwa wakiosha sahani naye bado anatafuna, akishushia kila tonge kwa maji.

Februari 1989 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu, na humo, katikati ya mvuke na mikokoteni ya mashuka, alikutana na fundi umeme aliyekuja kutengeneza pasi kubwa, akawa anarudi kuitengeneza hata ilipokuwa nzima. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1991, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Ndoa ilikuwa njema, mezani ndiko kulikokuwa na maneno. Mama mkwe wake, aliye hapa mbele yetu na ambaye mwenyewe ametuomba tuliseme hili, kila alipoona sahani inarudi na chakula nusu alisema, "Huyu binti anatuona sisi si wapishi," na dada hata mwenyewe hakujua kwa nini chakula hakishuki. Aliambiwa ana vidonda vya tumbo, akaambiwa ana mawazo, akaambiwa anadeka, akameza dawa za kiungulia mpaka zikamchosha, na shemeji yetu, mtu wa maneno machache, akaanza naye kula taratibu ili mkewe asibaki mezani peke yake.

Tarehe 9 Juni 2011, katika kantini ya kazini, kipande cha nyama kilimkwama kifuani, hakishuki, hakipandi, hata mate hayapiti, wenzake wakampakia kwenye mkokoteni wa mashuka wakamkimbiza kwa daktari. Daktari alikitoa kwa mpira wenye kamera, akachukua vinyama vya kupima, na majibu yalipotoka alimwambia, "Mama, wewe hudeki. Umio, yaani hii njia inayoshusha chakula tumboni, una mzio, mwili wako unakiona chakula kama adui, basi umio unavimba, unakakamaa, na kwa miaka yote hii umezidi kuwa mwembamba."

Dada akauliza, "Kwa hiyo nitapona?"

"Utatulia," daktari akasema. "Kupona, siwezi kukuahidi."

Shemeji anasema dada alilia njia nzima kurudi nyumbani, si kwa hofu, ila kwa kuwa hatimaye ameaminiwa.

Huko kutulia kwenyewe kulikuwa kazi. Aliachishwa maziwa, ngano na mayai, kimoja kinarudishwa, kingine kinatolewa, na kila mara mpira ule tena, mpaka ikajulikana kuwa maziwa na ngano ndivyo vinavyomdhuru, akapewa dawa ya kupuliza ya wenye pumu, ila yeye aliimeza badala ya kuivuta, na mara mbili umio ukapanuliwa. Kuna siku alisema, "Nimechoka kuuliza kila sufuria ina nini ndani," akala mkate, akaugulia wiki nzima.

Mwaka 2016 kitinda mimba wake alipoanza kushushia tonge kwa maji, watu walisema anamwiga mama yake. Dada hakubishana, alimshika mkono hadi kwa daktari yule yule, ikaonekana ni ugonjwa ule ule, bado mchanga, na leo kijana huyo anakula, kwa masharti, na umio wake haujahitaji kupanuliwa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiwapikia wawili hao sufuria yao ya pembeni.

Maradhi yaliyomwondoa yalikuwa mengine. Mwishoni mwa Agosti alishikwa na nimonia, akalazwa, akafariki asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023, mumewe akiwa ameketi kando yake, na ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemsikiliza, tunawashukuru majirani mliotuachia nyumba zenu kwa ajili ya wageni, na wenzake wa kufulia, mliokuja wodini baada ya zamu, miguu imewavimba kwa kusimama, mkakaa naye. Dada, tumechoka sana, nawe ulichoka kabla yetu, pumzika kwa amani.